Mnyama Hajapotea Njia

Suneka iko kilomita chache tu kutoka mji wa Kisii, kando ya barabara kuu iendayo Rongo hadi Migori. Ukitoka sokoni ukashika njia yoyote ya kando, hupiti pori. Unapita shamba la mtu, kisha la jirani yake, kisha la ndugu wa jirani: migomba, mahindi, miwa, nepia ya ng'ombe, mikalitusi mipakani, na mabati ya nyumba katikati ya yote hayo. Sensa ya 2019 iliwahesabu watu 1,266,860 katika Kaunti ya Kisii, wastani wa watu 957 kwa kila kilomita mraba. Nyamira, kaunti jirani, ilikuwa na watu 605,576, wastani wa 675. Hakuna mbuga ya taifa katika kaunti hizi mbili. Kwa hiyo msomaji ana haki ya kushangaa kwa nini sura inayohusu vioja vya watu na wanyama wa porini inaanzia hapa, badala ya Maasai Mara au Tsavo. Jibu langu ni kwamba hapa ndipo kioja kinapozaliwa. Mchungaji wa Kimaasai anayesikia simba akinguruma usiku hukaza ua wa boma na kurudi kulala. Simba huyohuyo akionekana mara moja tu kwenye kijiji cha migomba, atasimuliwa kwa miaka thelathini.

Habari za namna hii, zikitokea katika nchi ya mashamba, huwa na umbo moja. Chui kakutwa zizini. Nyoka kaanguka kutoka darini. Kiboko kaibuka kwenye mahindi ya mtu alfajiri. Msimulizi huanza kwa kusema mnyama alipotea njia, au alivamia, au alitumwa na mwenye nia mbaya, kisha umati hukusanyika, simu zikatolewa, mawe yakaokotwa, na mwisho wa habari huwa maiti moja au mbili. Hoja ya sura hii ni kwamba, mara nyingi, mnyama katika visa hivi hakupotea wala hakuvamia. Alikuwa kwenye shughuli yake ya kila siku, kwa sababu zilezile ambazo mababu zake walizifuata. Kilichopungua ni ujuzi wetu juu yake. Ajabu huongezeka kadiri ujuzi unavyopungua, na hatari huongezeka pamoja nayo, kwa mtu na kwa mnyama.

Ushahidi wa kwanza Suneka inaubeba katika utambulisho wake. Eneo hili ni la Bonchari, na katika mapokeo ya Abagusii, wenyeji wa vilima hivi, kila ukoo mkubwa una mnyama wake. Abanchari ni watu wa kiboko. Abagetutu ni wa ndovu, Ababasi wa punda milia, Abagirango wa chui. Mwanahistoria William Ochieng', aliyechapisha mwaka 1974 historia ya Abagusii ya kabla ya ukoloni, aliifuata safari yao kutoka ukingo wa Ziwa Victoria na tambarare za Kano, kupitia Kabianga, hadi kwenye vilima vya leo. Watu waliopita njia hiyo hawakumchagua kiboko kwa sababu ya picha nzuri kitabuni. Walikuwa wamekaa naye mto mmoja. Mnyama aliyefanywa alama ya ukoo ni mnyama aliyefahamika: anakula nini, anatoka saa ngapi, anakasirishwa na nini. Leo mtoto wa Abanchari huko Suneka anaweza kulitaja jina la mnyama wa ukoo wake bila kusita, lakini ukimuuliza kiboko hula nini, huenda akakujibu samaki.

Ujuzi huo haukupotea kwa uzembe wa mtu. Vilima vya Gusii vina mvua ya kutosha, udongo mwekundu wenye rutuba, na havina mbung'o. Ardhi ya namna hiyo hujaa watu. Teremka upande wa ziwa hadi Bonde la Lambwe, katika Kaunti ya Homa Bay, uone kinyume chake: huko mbung'o na ugonjwa wa malale waliwafukuza watu kwa muda mrefu, na ndiyo sababu bonde hilo likabaki na wanyama, likatengwa kuwa hifadhi mwaka 1966, na likawa Mbuga ya Taifa ya Ruma mwaka 1983. Mahali ambapo mdudu aliwazuia wakulima, twiga na pundamilia wanaonekana hadi leo. Mahali ambapo hakukuwa na kizuizi, kila mteremko ulilimwa. Hakuna wa kulaumiwa kwa hilo, kwa maana watu walihitaji kula. Lakini tusijidanganye kwamba tuliondoa wanyama tu. Tuliondoa pia shule iliyotufundisha habari zao.

Chukua huyohuyo kiboko wa Bonchari. Mchana hukaa majini kwa sababu ngozi yake haistahimili jua. Jioni hutoka, hufuata kijia chake kilekile, hula nyasi zinazoweza kufika kilo 40 kwa usiku mmoja, na kabla ya mapambazuko hurudi majini. Kati yake na maji hapaswi kusimama mtu. Kanuni ni hiyo moja, na visa vingi vya kiboko kuua mtu vina uvunjaji wake ndani yake. Ziwa Naivasha ni mfano ulio wazi. Maji yalipopanda, hasa mwaka 2020, malisho ya ukingoni yalizama na watu na viboko wakabanana kwenye ukanda mwembamba wa nchi kavu. Wavuvi wanaovua kwa miguu, maji yakiwafika kifuani, wameshambuliwa mara kwa mara. Agosti 2018 mtalii kutoka Taiwan aliuawa ukingoni mwa ziwa hilohilo akiwa anapiga picha. Magazeti ya ulimwengu yaliandika habari hiyo kama jambo la kustaajabisha. Kwa mtu aliyeishi na viboko, jambo la kustaajabisha lingekuwa mnyama huyo kuvumilia.

Sasa mtazame mnyama wa porini ambaye Suneka bado inamjua: fuko. Hafugwi na mtu, anaishi chini ya ardhi karibu maisha yake yote, hukata mizizi ya migomba na viazi vitamu, na wengi hawajapata kumwona akiwa hai. Kwa vigezo vyote angestahili kuwa kioja. Hata hivyo hakuna anayesimulia vioja vya fuko, kwa sababu wapo watu ambao kazi yao ni kumtega, na hulipwa kwa idadi ya waliokamatwa. Mtegaji hutazama vichuguu vya udongo mbichi, akajua mfereji unaelekea wapi, akauchimba na kuuacha wazi. Anajua kwamba fuko hastahimili mwanga na hewa kuingia kwake. Lazima aje kuziba. Basi kwenye uwazi huo huweka kitanzi cha waya, akakiunganisha kwa uzi na fito iliyopindwa na kuchomekwa ardhini. Fuko akija kuziba, huugusa uzi, fito ikafyatuka, kitanzi kikambana. Mtego wote umejengwa juu ya jambo moja kuhusu tabia ya mnyama. Mtegaji hana haja ya uchawi wala bunduki, na haogopi. Mahali ambapo ujuzi umebaki, kioja hakikupata nafasi.

Ukitoka na kipimo hicho kwenda kwenye visa maarufu vya Afrika Mashariki, utaona jinsi vinavyobadilika sura. Kisa mashuhuri kuliko vyote ni cha simba wawili wa Tsavo, waliowaua wajenzi wa reli ya Uganda kati ya Machi na Desemba 1898. Msimamizi wa daraja la Tsavo, John Henry Patterson, aliyewaua hatimaye, alikuja kudai kwamba walikuwa wamekula watu 135. Wajenzi waliamini kuwa hao si simba bali ni pepo. Mafuvu na ngozi zao ziko kwenye Field Museum ya Chicago, na mwaka 2009 watafiti walipima kemikali za mifupa na nywele zao ili kujua walikuwa wamekula nini. Makadirio yao yalikuwa watu wapatao 35. Idadi hiyo bado ni ya kutisha, lakini si ya pepo. Fuvu la mmoja wao lilionyesha jino lililovunjika na jipu kwenye mzizi wake, maradhi ambayo yangemfanya simba ashindwe kumshika na kumbana nyati. Ongeza kwamba katika miaka hiyo ya 1890 sotoka ilikuwa imewamaliza ng'ombe na nyati, na kwamba njia ya misafara iliyopita Tsavo kwa miaka mingi iliacha wafu wake porini. Simba wa Tsavo walikula kilichokuwepo. Wajenzi walioletwa kutoka India na pwani, wakalazwa kwenye mahema katikati ya nyika wasiyoijua, ndio waliokuwa wageni.

Mfano wa karibu zaidi na zama zetu uko kusini mwa Tanzania. Mwaka 2005 Craig Packer na wenzake, wakiwemo watafiti wa Kitanzania, waliandika kwamba kati ya 1990 na 2004 simba walikuwa wameua watu wasiopungua 563 na kujeruhi 308 nchini humo, wengi wao katika mikoa ya kusini mashariki kama Lindi na Pwani. Mtu angetarajia mauaji yawe mengi pale penye swala wengi, kwa kuwa ndipo simba walipo. Ilikuwa kinyume. Yalikuwa mengi pale ambapo mawindo ya kawaida yalikuwa yameisha, na waliobaki kwa wingi walikuwa nguruwe pori. Nguruwe huja shambani kula mahindi na mpunga. Mkulima hulala shambani, kwenye dungu lake, ili kuwafukuza. Simba huwafuata nguruwe, na huko huwakuta watu wamelala bila ukuta. Mashambulizi yalizidi wakati wa mavuno. Utafiti mwingine wa 2011 uliongeza kwamba yalikuwa mengi jioni za siku zinazofuata mwezi mpevu, wakati mwezi unachelewa kuchomoza na simba, ambaye hakuwinda vizuri kwenye mbalamwezi, ana njaa. Kijijini kila kifo kilikuwa msiba usioelezeka, na si wachache waliosema simba wale ni wa kutumwa. Lakini ukiviweka vifo vyote pamoja, unaona mpangilio ambao mtu anaweza kuupangia siku zake: usilale dunguni jioni zile, wapunguze nguruwe, walinzi walale mahali penye kuta.

Mpaka hapa mtu anaweza kudhani nasema wanyama ni mashine na binadamu ndiye pekee anayejua au kusahau. Sisemi hivyo. Wanyama nao hutujua, na pengine ujuzi wao juu yetu umedumu kuliko wetu juu yao. Huko Amboseli, mwaka 2014, Karen McComb wa Chuo Kikuu cha Sussex na wenzake walichapisha matokeo ya jaribio rahisi: waliwachezea ndovu sauti zilizorekodiwa za watu wakisema maneno yaleyale. Waliposikia mwanamume wa Kimaasai, ndovu walijikusanya na kurudi nyuma kuliko waliposikia mwanamume wa Kikamba. Waliposikia mwanamke wa Kimaasai au mvulana, hawakujali sana. Maana yake ni wazi. Wanaume wa Kimaasai ndio ambao mara nyingine huwachoma mikuki ndovu katika ugomvi wa maji na malisho. Ndovu wameweza kututenga kwa lugha, jinsia na umri kwa kusikia tu. Mbugani humohumo, utafiti wa miaka ya nyuma, uliochapishwa mwaka 1980, ulionyesha kwamba tumbili wana mlio mmoja wa kuonya juu ya chui, mwingine juu ya tai, na mwingine juu ya nyoka. Mlio wa chui ukitoka, wenzao hupanda mtini. Wa nyoka ukitoka, husimama wima na kuangalia majani. Mkulima aliyejifunza milio hiyo mitatu angekuwa na walinzi wa bure kwenye kichaka cha mto wake. Kwa asiyejua, ni kelele za wezi wa mahindi.

Lakini ushahidi ninaouona mzito kuliko wote ni wa ndege mdogo wa rangi ya kijivu na kahawia, mlembe. Mlembe hupenda nta na mabuu ya nyuki, lakini hawezi kuvunja mti wala kustahimili kuumwa. Mtu anaweza kupasua mti na kuwafukiza nyuki kwa moshi, lakini hajui mzinga uko wapi. Hussein Adan Isack wa Makumbusho ya Taifa ya Kenya, akishirikiana na Heinz-Ulrich Reyer, aliwafuata Waborana wa kaskazini mwa Kenya na mwaka 1989 akachapisha vipimo. Mtu akitafuta asali peke yake alihitaji wastani wa saa 8.9 kupata mzinga; akiongozwa na ndege, saa 3.2. Asilimia 96 ya mizinga ile isingefikiwa na ndege bila msaada wa binadamu. Miaka ya baadaye Claire Spottiswoode alionyesha huko Niassa, Msumbiji, kwamba Wayao wakitoa mlio wao maalumu, uwezekano wa kuongozwa na ndege hupanda kutoka asilimia 33 hadi 66. Mwaka 2023, yeye na Brian Wood wakaonyesha jambo la kushangaza zaidi: mlembe wa nchi ya Wahadza, Tanzania, huitikia mluzi wa Wahadza zaidi ya mara tatu kuliko mlio wa Wayao, na yule wa Niassa naye huupendelea mlio wa kwao. Kila upande umejifunza adabu ya mwenyeji wake.

Mkataba huu haukuandikwa na mtu, na ndege hakufundishwa akiwa kwenye kizimba. Umedumu kwa sababu kila kizazi cha watu kilirina asali na kila kizazi cha ndege kikapata nta yake. Pale ambapo watu wameacha kurina asali ya porini, wakazoea sukari ya dukani, ushirika umefifia. Sasa mfikirie mlembe anayemwendea mtu asiyemjua. Anamkaribia uso kwa uso, anapiga kelele, anaruka mti hadi mti, anamrudia tena. Kwa mtu huyo, ndege amepagawa, au ni ishara ya mkosi. Kitendo ni kilekile ambacho kwa Mborana ni mwaliko wa kwenda kula. Sijui ushahidi mwingine unaoonyesha wazi kuliko huu kwamba kioja hakimo ndani ya mnyama. Kimo kwenye pengo kati ya anachofanya mnyama na tunachokijua sisi.

Yapo mapingamizi, na la kwanza ni hili: kuna visa ambamo ujuzi wa mwenyeji haukusaidia chochote. Mwishoni mwa 2001, katika Hifadhi ya Taifa ya Samburu, simba jike aliyepewa jina la Kamunyak alimtwaa ndama wa choroa akawa anamlinda kama mwanawe, mpaka simba dume alipomla ndama huyo. Kisha Kamunyak akatwaa wengine. Wasamburu, waliokua na simba tangu utotoni, walishangaa kama watalii. Halafu yuko Owen, mtoto wa kiboko aliyeokolewa pwani ya Malindi baada ya tsunami ya Desemba 2004, akapelekwa Haller Park, Mombasa, na huko akamganda kobe mkubwa wa Aldabra aliyeitwa Mzee, wakala na kulala pamoja. Nakubali kwamba ajabu ya kweli ipo. Hata hivyo angalia jinsi visa hivi viwili vinavyotofautiana. Cha Owen kina maelezo yanayotosha: mtoto wa kiboko huishi akiegemea mwili mkubwa wa mama yake, na yatima huyo aliegemea mwili mkubwa wa kwanza aliouona. Cha Kamunyak kilistaajabiwa na watu waliojua simba hufanya nini, na kwa sababu hiyo mshangao wao una thamani. Asiyejua kawaida hana njia ya kutambua kisicho cha kawaida. Kwake kila kitu ni kioja kwa kiwango kimoja. Ujuzi hauui ajabu. Huichuja.

Pingamizi la pili ni zito zaidi, kwa sababu linahusu haki. Mtu anaweza kusema: unawalaumu waathiriwa. Mama aliyeumwa na nyoka akichuma mboga hakufa kwa kukosa elimu ya wanyama. Alikufa kwa kukosa gari, zahanati na dawa. Ni kweli, na lazima isemwe kwa sauti. Shirika la Afya Duniani linakadiria kwamba kuumwa na nyoka huua watu kati ya 81,000 na 138,000 kila mwaka duniani, na ni mwaka 2017 tu ambapo liliweka janga hilo kwenye orodha ya magonjwa yaliyopuuzwa ya nchi za joto. Waliopuuza si wanakijiji. Lakini dawa ikiwepo, ujuzi bado huamua nani ataifikia. Kifutu, tofauti na nyoka wengi, hakimbii akisikia hatua. Hutulia, akitegemea rangi yake kumficha, na ndiyo maana hukanyagwa. Anayelijua hilo hutembea na tochi usiku na huvaa viatu vya mpira akikata nepia. Asiyelijua huamini nyoka alimvizia, na anayeamini aliviziwa humtafuta aliyemtuma kabla ya kutafuta hospitali. Jeraha likachanjwa, mguu ukafungwa kamba, saa zikapita. Katika mambo haya kumpa mtu maelezo ya kweli si kumlaumu. Ni kumwondolea mshitakiwa wa uongo, ambaye kwa kawaida huwa jirani mzee.

Hapo ndipo linapoingia pingamizi la tatu, kwamba ninawasifu wazee kupita kiasi. Je, si wao waliokuwa na hofu za bundi na fisi, na imani za watu wanaojigeuza wanyama? Je, mwiko wa ukoo wa kutomuua mnyama wake uliwaokoa wanyama? Haukuwaokoa. Ndovu wa Abagetutu hawapo Kitutu, wala punda milia hawapo Bobasi. Mwiko uliufunga ukoo mmoja tu. Jirani alikuwa huru kuwinda, na jembe halikuwa na mwiko wowote. Pia ni kweli kwamba ujuzi wa kale ulichanganyika na hofu zisizo na msingi, na baadhi ya hofu hizo zimewaua watu wasio na hatia. Sipendekezi turudi huko. Ninachosema ni kwamba ndani ya mchanganyiko ule mlikuwa na uchunguzi wa kweli wa miaka mingi, na kwamba tulipouacha, kilichotangulia kupotea kilikuwa uchunguzi, hofu ikabaki. Kijiji ambacho hakijaona fisi kwa miaka hamsini bado kina hadithi za mchawi anayempanda fisi. Hakina tena mtu anayejua kwamba fisi hupita usiku kufuata mifupa, na kwamba ukizika mzoga, hana haja ya kurudi.

La mwisho ni pingamizi la mtu wa vitendo: Suneka haina simba, basi haya yote yana faida gani? Faida yake inaonekana pale mnyama anapotokea ghafla na watu hawajui la kufanya. Tarehe 30 Machi 2016, simba dume aliyeitwa Mohawk alitoka Mbuga ya Taifa ya Nairobi akafika Isinya, Kaunti ya Kajiado. Umati ulimzunguka. Alimjeruhi mtu mmoja, na askari wa Shirika la Huduma kwa Wanyamapori wakampiga risasi akafa. Siku chache kabla, simba mwingine alikuwa amemjeruhi mtu kwenye Barabara ya Mombasa katikati ya magari. Mbuga hiyo ilifunguliwa mwaka 1946 na ina kilomita mraba 117, na simba dume anayetafuta eneo lake hutembea kuelekea kusini kama simba wote walivyofanya kabla ya nyumba kujengwa. Mohawk hakupotea. Alizingirwa. Mnyama yeyote mkubwa aliyezungukwa pande zote na kelele hubaki na njia moja, nayo hupita juu ya mtu. Kama umati ungeacha upande mmoja wazi na kunyamaza, huenda daktari wa wanyama angepata nafasi ya kumchoma sindano ya usingizi.

Sheria ya Kenya imefikiria fidia kuliko ilivyofikiria elimu. Sheria ya Uhifadhi na Usimamizi wa Wanyamapori ya 2013 iliweka shilingi milioni 5 kwa kifo, milioni 3 kwa ulemavu wa kudumu, na hadi milioni 2 kwa majeraha mengine, na ikaunda kamati za kaunti za kuyapitia madai. Ni jambo la haki, ijapokuwa malipo yamekuwa yakichelewa miaka. Lakini fidia huja baada ya mazishi. Na mfumo mzima umejengwa kwa mawazo ya kaunti zenye mbuga: Taita Taveta, Narok, Laikipia. Kaunti ya mashamba kama Kisii huonekana haina la kufanya, ingawa hatari zake zipo, na ni ndogo kwa umbo tu. Kichaa cha mbwa, kwa makadirio ya Shirika la Afya Duniani, huua watu wapatao 59,000 kwa mwaka, na hadi asilimia 99 ya maambukizi kwa binadamu hutoka kwa mbwa. Kenya imejiwekea lengo la kukikomesha ifikapo 2030. Kuosha jeraha kwa sabuni na maji yanayotiririka kwa dakika 15, kisha kwenda kupata chanjo bila kuchelewa, huokoa maisha. Na hakuna umati unaokusanyika kuitazama kazi hiyo.

Kwa msingi huo, nchi kama ya Suneka ina nafasi nzuri kuliko inavyodhaniwa. Mtoto wa Samburu lazima amjue ndovu, simba, chui, fisi, nyati na nyoka wa kila aina kabla ya kuchunga peke yake. Mtoto wa Bonchari ana orodha fupi: nyoka wachache wa mashambani na yupi kati yao ana sumu, tumbili wa vichaka vya mtoni, popo wa darini, mbwa asiye na mwenyewe, na kanuni moja ya kumwachia njia mnyama mkubwa akitokea. Orodha hiyo yaweza kufundishwa katika muhula mmoja wa shule ya msingi, na mtegaji wa fuko anaweza kualikwa kufundisha somo la kwanza, kwa kuwa yeye ndiye mtaalamu wa wanyamapori aliyebaki kijijini. Gharama yake haifikii fidia ya kifo kimoja. Kaunti isiyofanya hivyo imechagua kuendelea kushangaa, na imewachagulia watu wake nani atalipia mshangao huo.